Fundi baiskeli wa Bariadi na furu aliyegoma kula

Saa kumi na mbili asubuhi, jua bado halijapanda juu ya mabati ya Bariadi, na Luhende Mboje tayari anatoka jasho. Amepiga goti kwenye sakafu ya sebule yake, mikono yote miwili kwenye pampu ya baiskeli, anajaza upepo tyubu ya lori iliyolazwa chini ya meza. Hana lori. Hajawahi kuwa nalo, na hana mpango wa kulinunua.

Tyubu inavimba. Anaibonyeza kwa kidole gumba, anatikisa kichwa, anaongeza upepo kidogo. Kisha anashika mpira mwembamba wa dripu, ule wenye kigurudumu cha kupunguza na kuongeza, anakifungua taratibu. Mpira huo umefungwa kwenye valvu ya tyubu, umepanda na mguu wa meza, umevuka ukingo wa tangi la kioo na kuzama mpaka chini, kwenye kipande cha sponji ya godoro. Mapovu madogo yanaanza kupanda. Samaki wa bluu, mrefu kama kidole, anachomoza nyuma ya jiwe.

"Mwangaluka," Luhende anamsalimia kwa Kisukuma, salamu ya asubuhi.

Uani, mkewe Nyanjige anachochea moto wa uji na amesikia kila kitu kupitia dirishani. "Mimi bado hajanisalimia," anamwambia mgeni aliyetoka gazetini. Anasema hivyo huku akitabasamu, lakini ukweli ni kwamba mwaka jana asingetabasamu hata kidogo.

Luhende ana miaka arobaini na mitatu na ni fundi baiskeli karibu na soko. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kununua pamba, baiskeli zimekuwa nyingi wilayani na kazi yake imekuwa ikienda na bei ya zao hilo. Pamba ikilipwa vizuri, wakulima wanamletea baiskeli mpya afunge keria ya chuma na kukaza spoku. Bei ikianguka, mtu anafunga mnyororo kwa waya na tairi iliyochanika anaishona kwa kamba ya katani, huku fundi akibaki kwenye kigoda akihesabu mbuzi wanaopita.

"Maisha yangu yote nimekuwa nikitafuta mapovu kwenye beseni," anasema, akimaanisha beseni la maji ambalo kila fundi hutumbukiza tyubu humo ili aone penye tundu. "Mteja akiona mapovu, uso unaanguka. Hapa nyumbani ni kinyume, mapovu yakikatika ndiyo uso wangu unaanguka."

Yalianzia Mwanza. Alikwenda kununua vipuri kwa jumla, akaingia duka moja lenye tangi la samaki juu ya kaunta. Samaki walikuwa wekundu, wana mikia mirefu, wanaelea kama hawana shida yoyote duniani. Luhende akasahau vipuri. Alisimama pale mpaka mwenye duka akamuuliza kama ananunua au amekuja kupumzika.

"Nilikuwa nimezoea kumwona samaki akiwa ndani ya sufuria, au amekaushwa, au kwenye meza ya sokoni na nzi," anasema. "Sikuwahi kumwona akiwa na shughuli zake. Yule alikuwa na shughuli zake, hana habari na mimi. Nikasema, mimi nataka hiki kitu nyumbani kwangu."

Kutaka ni jambo moja na kupata ni jingine. Bariadi hakukuwa na duka la tangi la samaki, wala samaki wa mapambo, wala chakula chao. Watu aliowauliza walimtazama kwa huruma. Mwaka mzima ukapita.

Ndipo siku moja akaitwa kutengeneza baiskeli ya mlinzi wa nyumba iliyokuwa imepangishwa na mnunuzi mmoja wa pamba, ambaye msimu ulimwendea vibaya akafunga virago. Nyuma ya nyumba, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akaona sanduku la kioo. Ndani yake walikuwamo vifaranga. Mlinzi alikuwa ameokota tangi la samaki la bosi wake na kuligeuza banda la kuku.

"Nilijifanya sijali," anasema Luhende. "Nikamuuliza, hivi hilo boksi unalitumia kweli?"

Walibadilishana. Mlinzi alipata keria mpya ya chuma, Luhende akapata kioo chenye mavi ya kuku na ufa kwenye pembe. Alikisukuma nyumbani kimefungwa kwenye baiskeli kwa mipira ya tyubu, yeye akitembea kando, na barabarani watu wakamuuliza nani amefariki. Akaziba ufa kwa gundi nyeusi ya kushikia vioo vya magari, akasubiri ikauke, akajaza maji. Halikuvuja.

Nyanjige naye alipoliona tangi limeoshwa na kung'aa, macho yalimtoka, ila si kwa ajili ya samaki. Chini ya kitanda chake kuna boksi la vyombo alivyozawadiwa kwenye harusi: vikombe vyenye maua, glasi, na jagi la kioo. Vimefungwa kwenye magazeti tangu siku ile, kwa sababu nyumba haina kabati la kuviweka mtu akaviona. Akadhani mumewe hatimaye amekumbuka.

"Nikamwambia, asante, Baba Milembe," anasimulia. "Akaniambia, ni la samaki. Nikarudi zangu jikoni."

Mwanzo ulikuwa wa kuchekesha. Samaki wa kwanza aliwatoa kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, perege wadogo na kambare mmoja. Asubuhi ya pili alibaki kambare peke yake, amenenepa. Luhende akamrudisha lambo na kuanza upya na perege, akawa anawabadilishia maji yote kila siku kwa kuwa alitaka wawe wasafi, na wao wakawa wanakufa wakiwa wasafi. Majirani walikuwa wanapita makusudi kuchungulia. Mmoja alimuuliza anawezaje kula ugali kwa mlenda huku kitoweo kimekaa pale kinamtazama.

Aliyemsaidia ni Mariana, mama muuza samaki anayetoka Lamadi, kule ziwani, na kuleta dagaa na sato kwenye soko la Bariadi. Luhende alimwomba amletee samaki hai.

"Nikamuuliza, hai wa kufanyia nini?" anakumbuka Mariana. "Akasema, wa kuwaangalia. Nikamwangalia yeye kwanza. Nikaona macho yake mazima, hajalewa, nikasema basi, njoo Lamadi mwenyewe, mimi siwezi kupanda gari na samaki anayepumua."

Luhende alikwenda kwa baiskeli, safari ya kutwa nzima kwenda na nyingine kurudi, akiwa na ndoo yenye kifuniko kwenye keria. Wavuvi anaofahamiana nao Mariana walimpa furu waliokwama kwenye nyavu karibu na miamba. Furu ni samaki mdogo, mwenye miiba mgongoni, ambaye zamani watoto wa kando ya ziwa walimla mpaka wakamchoka. Sangara, mla samaki wenzake, alipozidi ziwani, furu akapungua, na kuna aina ambazo Mariana anasema hajaziona tangu akiwa msichana.

Njia nzima ya kurudi, Luhende alikuwa akisimama, anafunua ndoo, anaingiza mpira wa pampu na kuwapigia samaki upepo, kisha anapanda tena. Wachunga ng'ombe walidhani ana pancha isiyokwisha. Mmoja alimpa pole, akamsaidia kushikilia baiskeli, alipoona kilichomo kwenye ndoo akaondoka bila kuaga.

Walifika wazima. Wawili walikuwa wa bluu, wengine wa kijivu. Luhende anasema wiki zile zilikuwa za furaha kuliko zote za utu uzima wake, na anasema hivyo bila aibu, mkewe akiwa palepale.

Shida ilikuwa hewa. Nyumba haina umeme, na wakati huo hakuwa amewaza habari ya tyubu. Alikuwa anapiga pampu kwa mkono asubuhi na jioni, na mchana samaki wanabaki juu juu wakihema. Akawa anatafuta kitu kitakachoshika upepo na kuutoa polepole akiwa kazini.

Hapo ndipo alipoliona bomba la kupulizia dawa ya pamba nyumbani kwa shemeji yake, Malimi. Unalipiga mpini, linashika upepo, ukifungua kidogo linatoa kidogo. Kwa mtu wa Bariadi, bomba ni chombo cha kila kazi. Msimu wa dawa ukiisha, watu wanalipulizia chokaa ukutani, wanaloweshea udongo wa kufyatulia tofali. Luhende aliliosha kwa sabuni ya unga na mchanga, akalisuuza, akalianika juani, akalinusa. Halikunuka. Asubuhi akalijaza upepo, akatumbukiza mpira kwenye tangi, mapovu yakapanda vizuri, akaenda kazini anapiga mluzi.

Aliporudi jioni, samaki walikuwa wamelala ubavu juu ya maji, wote.

"Nilijua palepale," anasema. "Mimi nimekulia kwenye pamba. Tangu mtoto nimeambiwa ile dawa haina mzaha. Halafu nikachukua bomba lake nikawawekea puani."

Hakuweza kula siku hiyo. Nyanjige anasema alimkuta ameketi uani na ndoo katikati ya miguu, anawafukia mmoja mmoja chini ya mpapai, kwa sababu kwa sumu ile hata kuwapa kuku hangeweza. Alimwonea huruma. Lakini pia alikuwa amechoka, na akasema lililokuwa moyoni.

"Nilimwambia, Baba Milembe, nenda Lamadi mara moja tena, ya mwisho. Wakifa hawa, kioo ni changu. Naweka vikombe vyangu, na neno samaki nisilisikie tena isipokuwa chakula kikiwa tayari."

Luhende alikubali. Wakashikana mikono kabisa, kama watu wanaouziana ng'ombe.

Kwa hiyo alipopiga tena njia ya Lamadi, alikuwa anajua kinachomngoja akikosea. Safari hii bahati ilikuwa ndogo. Alipata furu watatu tu: dume mmoja wa bluu na majike wawili wa kijivu. Kabla ya kuondoka alikuwa amelisugua tangi kwa majivu, akalijaza na kulimwaga mpaka mgongo ukamuuma, akaokota mawe ya mtoni na kuyachemsha. Na ni njiani kurudi ndipo jibu la hewa lilipomjia, akiwa amekaa kwenye tairi la lori lililoharibika kando ya barabara. Aliomba tyubu yake kuukuu kwa utingo. Mpira wa dripu alipewa na muuguzi, mpya ndani ya mfuko, umepita muda wake wa kutumika.

"Nimeziba tyubu miaka ishirini," anasema, "halafu nikaenda kuazima bomba la dawa. Wakati mwingine mtu anatafuta miwani na ameivaa."

Mambo yakatulia. Samaki walikula makombo ya dagaa yaliyosagwa, walifukuzana, walichimba mchanga. Mpaka asubuhi moja jike mmoja akagoma kula.

Kesho yake akagoma tena. Alijificha nyuma ya jiwe, na chini ya mdomo alikuwa amevimba kama mtu mwenye rovu. Chakula kilipita mbele ya pua yake asikijali. Kila siku Luhende alimkuta vilevile, na kila siku alizidi kukonda mgongoni huku kidevu kikizidi kujaa. Fundi alikuwa haoni vizuri hata spoku. Alimrudishia mteja baiskeli yenye usukani umegeukia nyuma.

"Nilikuwa nawaza ugonjwa utaenea," anasema. "Nikasema bora nipoteze mmoja, nibaki na wawili, kuliko wafe wote na kioo kiende."

Jumapili, baada ya ibada, akachukua kikombe cha bati na kukunja mkono wa shati. Alikuwa ameamua kumtoa. Mkono ulikuwa tayari ndani ya maji Nyanjige alipouliza kutoka mlangoni anataka kufanya nini.

"Namtoa huyu mgonjwa," akajibu Luhende.

"Mwache."

"Atawaua wenzake, Mama Milembe."

"Mwache, nimesema. Mimi nilipokuwa na mimba ya Milembe nilikaa muda gani bila kutazama chakula? Ulinitupa nje?"

Luhende anasema alimgeukia mkewe, maji yakimchuruzika kwenye kiwiko. Huyu ndiye aliyekuwa akikisubiri kile kioo. Angekaa kimya tu, samaki wangekwisha, na vikombe vyake vingepata mahali. Na hapo ndipo siri ilipotoka. Kumbe mchana kutwa, mume akiwa kazini, Nyanjige alikuwa anavuta kigoda mbele ya tangi, anachagua mchele, anachambua mlenda, anawatazama. Anajua nani anapenda jiwe gani. Anajua dume hubadilika rangi akikasirika. Tyubu ikilegea mchana ni yeye anayepiga pampu.

"Sikutaka ajue," anasema Nyanjige. "Angejidai."

Kikombe cha bati kikarudi kabatini, yaani kwenye msumari ukutani. Jike akaachwa.

Haikupita wiki. Nyanjige alikuwa amekaa pale na ungo wake, akaona jike ametoka nyuma ya jiwe. Akafunua mdomo, na kitu kama vumbi kikamwagika. Vumbi likaanza kuogelea. Nyanjige akainama asogee karibu, kivuli chake kikaangukia kioo, na lile vumbi lote likakimbilia mdomoni mwa samaki. Jike akafunga mdomo.

"Nilidhani amewala wanawe," anasema. "Moyo ulinipasuka. Nikasema, nimemtetea mla watoto." Alirudi nyuma, akakaa kwenye kigoda. Alipotulia, kivuli kikiwa kimeondoka, samaki akafunua mdomo tena na watoto wakatoka, wote wazima.

Nyanjige aliacha ugali motoni. Alikwenda mpaka sokoni na kitenge kimoja, bila viatu, akamkuta mumewe ameipindua baiskeli ya katekista, magurudumu juu.

"Baba Milembe," akamwambia mbele ya wateja, "yule mgonjwa wako alikuwa amebeba watoto mdomoni."

Luhende aliiacha baiskeli ya katekista vilevile. Anayesimulia sehemu hii ni Nyanjige, kwa sababu mumewe hapendi kuisimulia. Anasema alifika, akapiga magoti mbele ya kioo, na akalia, mtu mzima na ndevu zake. Kule kukaribia kumtupa yule jike ndiko kulikomliza. Ugali uliungua na hakuna aliyejali.

Siku ya soko Mariana aliposhuka na dagaa wake, walimvuta mpaka nyumbani. Aliinama mbele ya tangi, akatazama wale watoto wakiingia na kutoka mdomoni mwa mama yao.

"Nikiwa msichana nilikuwa natengeneza furu wengi sana," alisema baadaye. "Mara nyingi nilikuwa nakuta visamaki mdomoni. Nilikuwa nadhani amekufa akiwa anawala. Nilikuwa nawasuuza na kumwaga, mayu, mama yangu wee. Kumbe alikuwa anawaficha."

Akafuta macho kwa ncha ya khanga. Kisha akauliza kama anaweza kupewa wachache wakikua, akawaonyeshe wanawe, ambao wanajua sangara na sato tu.

Leo watoto hao ni wakubwa kama punje ya mahindi. Dume wa bluu alianza kuwatazama kwa jicho baya, kwa hiyo ilibidi watengwe, na Luhende hakuwa na chombo kingine cha kioo. Siku hiyo Nyanjige aliingia chumbani, akavuta boksi chini ya kitanda na kufungua magazeti ya harusi yake. Jagi likapata maji. Halafu glasi moja, kisha nyingine. Sasa zimepangwa dirishani, na jua likipiga, visamaki vinaonekana mpaka barabarani. Wanaochungulia siku hizi hawaulizi vitaliwa lini. Mwalimu mmoja tayari ameomba jozi.

Luhende ana mpango. Anataka tangi la pili, kubwa, la kukuzia watoto, na akipata majike wengine awe na furu wa kugawa kwa kila atakayekuja na chombo kisafi. Ndoo ya kubebea furu wa Mariana ameshaiosha, inamngoja mlangoni. Bomba la dawa hakuna atakayeruhusiwa kufika nalo.

Lakini kwanza kuna deni la moyo. Baada ya mavuno alikwenda Maswa na kurudi na vioo vinne, amevifunga kwenye keria katikati ya godoro kuukuu, akikanyaga pedali polepole njia nzima. Ni vya kabati la mkewe. Hakumwambia mpaka alipovifungua.

Vioo hivyo vimeegeshwa ukutani sebuleni, mbao ziko tayari, misumari iko kwenye kopo. Asubuhi hii, uji ukiwa umenywewa, Luhende anachukua nyundo na futi, anamwita mkewe aonyeshe rafu za vikombe vyake zikae urefu gani.

Nyanjige anakuja akijifuta mikono. Anavitazama vile vioo. Anapima kimoja kwa shibiri, halafu cha pili, halafu anageuka kutazama jagi lake dirishani, ambamo visamaki vimeanza kubanana.

"Baba Milembe," anasema, "ile gundi yako nyeusi imebaki?"